Ushauri: kijana wangu kanunua maswali ya SAT "yanayorudi", nimwache asome au niyafute?

Mama Shadya

Habari zenu wakuu, shikamooni wakubwa. Naombeni mawazo maana humu ndani tumeshindwa kuelewana kabisa. Tuko Ohio, kijana wangu yuko darasa la kumi na moja anajiandaa na SAT, ule mtihani wa kuombea vyuo vya huku Marekani, sasa juzi natafuta risiti kwenye tableti tunayotumia wote nikakuta folda ina mapdf kibao, kufungua naona maswali ya SAT na juu kabisa kuna ujumbe umeandikwa "hii ilitoka Asia, huku itarudi kabla ya mwaka kuisha, usisambaze, ikisambaa wanaibadilisha". Nikamuuliza akaniambia ukweli, wamechanga yeye na wenzie kama dola mia na hamsini wakamlipa mtu waliyempata kwenye grupu la mtandaoni, na huyo mtu anasema maswali ya zamani huwa yanarudishwa kwahiyo ukiyamaliza yote lazima ukutane nayo.

Baba yake anasema kuna ubaya gani, hizo si pasti pepa tu, sisi wote tumesoma kwa pasti pepa mpaka tumefika hapa. Mjomba wake yeye kaja juu anasema huo ni wizi mtupu na mtoto akikamatwa chuo ndo basi. Mimi niko katikati, sijui hata kama ni kweli hayo maswali yanarudi au watoto wametapeliwa. Na kama yanarudi kweli, je mtoto akikaa akakuta swali alilowahi kuliona kosa ni lake au la wenye mtihani? Nataka kuongea nae lakini sitaki kuongea nisichokijua, mnajua watoto wa huku, ukikosea kidogo tu kesho hakusikilizi. Naombeni msaada wenu.

Ngoja Waje

Nimekaa pale siti ya mbele nawasubiri wataalamu.

Mwalimu Kitabu

Mama Shadya marhaba na pole. Mimi nafundisha watoto huu mtihani hapa Marekani kwa hiyo nitaandika kirefu kidogo, mnivumilie.

Kwanza jibu fupi, ndiyo, maswali yanarudi, na hiyo sio siri ya wauzaji, wenyewe College Board, wenye mtihani, wanajua na kila anayefundisha SAT anajua. Mfano mkubwa ni mtihani wa tarehe 25 Agosti 2018. Watoto walitoka vyumbani wakaanza kulinganisha mitandaoni, kumbe pepa walilofanya ndio lilelile lililokuwa limetolewa Asia Oktoba 2017 na lilikuwa limeshavuja linazunguka kwenye mapdf muda mrefu tu. Yaani kuna mtoto alikaa pale akiliona pepa kwa mara ya kwanza na jirani yake alikuwa ameshalifanya nyumbani na majibu kayapitia. Wazazi wakawaka, petisheni zikasainiwa, kesi ikafunguliwa mahakamani. College Board hawakufuta mtihani mzima, walisema watachambua na yeyote watakayethibitisha kapata faida isiyo halali alama zake zinafutwa.

Kwa nini wanarudisha? Hapa watu wengi wanadhani ni uvivu, uvivu upo lakini sio wote. Swali moja la SAT sio kitu unaandika usiku asubuhi unawapa watoto. Linaandikwa, linapitiwa na watu kibao, halafu linachomekwa kwenye mtihani halisi bila kuhesabiwa ili waone watoto wanalijibuje, likionekana gumu kupita kiasi au linawachanganya hata wale wazuri linatupwa. Likipita hapo ndo linaingia kwenye hesabu. Ni kazi na ni hela nyingi, kwa hiyo swali likishatumika siku moja tu kulitupa wanaona uchungu.

Sababu ya pili ndo yenye maana zaidi. Alama 1300 ya mwezi wa tatu inatakiwa iwe sawa na 1300 ya mwezi wa kumi, na mapepa hayalingani ugumu. Ili kuyalinganisha unahitaji maswali ambayo kundi la kwanza na kundi la pili wote wameyafanya, wakifanana kwenye hayo unajua tofauti iliyobaki ni ya pepa. Juni 2018 pepa la hesabu lilikuwa jepesi, watoto wakatoka wanacheka, matokeo yakaja mtu kakosa maswali machache tu kashuka vibaya kuliko alivyozoea kwenye mapepa mengine. Walilia sana lakini ndo kusawazisha kwenyewe huko. Sasa maswali hayo ya kulinganishia yakishavuja, kundi la pili linaonekana lina akili kuliko lilivyo na hesabu nzima inaharibika, hata kwa mtoto ambaye hajagusa pdf ya mtu.

Mpiga Kelele

Mwalimu umeeleza vizuri ila mbona unawaonea huruma hao jamaa. Mtu anakulipisha dola 68 kwa mtihani, anakuuzia pepa aliloshamuuzia mtu mwingine mwaka jana, likivuja anakugeukia wewe mtoto wa miaka 16 anakwambia umeiba. Hivi kweli? Mei 2013 walifuta mtihani Korea Kusini nchi nzima kwa sababu maswali yalivuja, Januari 2016 wakafuta kwenye vituo kadhaa vya China na Macau, Reuters nao 2016 hiyohiyo wakaandika mfululizo wa habari kuonyesha jinsi mapepa yanavyorudiwa na vituo vya tuisheni vinavyoyakusanya. Halafu baada ya kelele zote hizo 2018 ukarudisha tena pepa zima. Sio swali moja mzee, PEPA ZIMA. Hapo mwizi nani?

Mama Shadya usimfokee mtoto. Mwenye duka kaacha mlango wazi.

Mwalimu Kitabu

Mpiga Kelele siwatetei, ya 2018 ilikuwa aibu na niliwaambia hivyo wazazi wa wanafunzi wangu wakati ule. Kusawazisha kunahitaji maswali machache ya kuunganishia, hakuhitaji urudishe pepa zima lililokwishavuja. Lakini mlango kuwa wazi hakumsaidii mtoto wa Mama Shadya barua ikija.

Mama Shadya

Asanteni sana kwa kweli mmenifungua. Ila bado hapo kwenye pasti pepa sijaelewa, kwa sababu baba yake akisoma hapa atasema sasa tofauti iko wapi. Kuna vitabu vinauzwa dukani vimejaa maswali ya SAT na hamna anayeviita wizi.

Mwalimu Kitabu

Swali zuri sana hilo. Tofauti ni moja, nani kalitoa. Kuna maswali wenyewe wameyaachia, yaani wameshayastaafisha au wameyatengeneza kwa ajili ya mazoezi, hayo soma mpaka uchoke. Mitihani ya mazoezi iliyomo ndani ya Bluebook, ile apu ya kufanyia mtihani, ni bure. Khan Academy, ile tovuti ya kujisomea, wana mazoezi ya SAT bure toka 2015. Kuna na benki ya maswali ya College Board wenyewe. Hayo ndo pasti pepa anayoisema baba yake, na kama hajayamaliza hayo sioni kwa nini atoe hela kwa mtu asiyemjua.

Halafu kuna maswali ambayo bado yako kazini. Hajayatoa mwenyewe, yametoka kwa mtu aliyekariri au aliyepiga picha. Hayo hata ukiyapata bure ni maswali ya kuvuja. Na mtoto kabla ya kuanza mtihani anakubali masharti, humo ndani kuna kutomshirikisha mtu wala kusambaza yaliyomo.

Zamani kabisa hata hayo ya kuachiwa hayakuwepo. Ulikuwa unafanya mtihani, unapewa namba, basi, pepa hulioni tena maisha yako yote. Jimbo la New York ndo lilipitisha sheria mwaka 1979 ya kuwalazimisha watoe maswali na majibu baada ya mtihani, walipinga sana, wakasema gharama zitapanda maana itabidi waandike maswali mapya. Ndo mjue toka enzi hizo wanawaza kuyatumia tena.

Mzee wa Kobe

Hapo kwenye 1979 naomba nichomekee maana hii stori naipenda. Watu wanadhani kuachia maswali kunamsaidia mwanafunzi kukariri tu. Mei 1982 kulikuwa na swali la hesabu kwenye SAT, kuna duara A na duara B, rediasi ya A ni theluthi ya rediasi ya B, A inabingirika kulizunguka B mpaka inarudi ilipoanzia, je itakuwa imejizungusha mara ngapi. Machaguo yalikuwa 3/2, 3, 6, 9/2 na 9. Wao jibu lao lilikuwa 3. Jibu sahihi ni 4. Haimo! Watoto watatu ndo waliowaandikia kuwaambia swali lenu bovu, ikabidi wasahihishe upya mapepa karibu laki tatu.

Usiyeamini chukua sarafu mbili za robo dola, moja ishikilie isitembee, nyingine izungushe pembeni yake bila kuteleza, angalia kichwa cha Washington. Ukifika nusu tu ya njia kichwa kimesharudi wima, ukimaliza mzunguko ni mara mbili, wakati wengi tungesema mara moja. Sasa fikiria swali kama lile lingefungiwa kabatini lisubiri kutumika tena miaka mitatu mbele, nani angejua kama ni bovu? Lingerudi na ubovu wake linawakosesha watoto wazuri.

Ngoja Waje

Nimeacha kazi nazungusha sarafu mezani hapa bosi ananiangalia 😂 ni kweli mara mbili aisee

binti_wa_chuo

Shikamooni wakubwa. Mimi nimeifanya hii ya kompyuta na sasa niko chuo, naona mnaongelea sana ya makaratasi na sasa hivi mambo yamebadilika. Nje ya Marekani ilihamia kompyuta Machi 2023, huku Machi 2024. Sio pepa moja la watu wote tena. Maswali ni 98, kusoma na kuandika 54, hesabu 44, kila somo lina sehemu mbili, sehemu ya kwanza ukifanya vizuri ya pili inakuja ngumu, ukiboronga inakuja rahisi na alama zako zina dari. Na hata wewe na aliyekaa pembeni yako mmepangiwa maswali tofauti. Kwa hiyo huyo anayewauzia "pepa litakalorudi" anawauzia kitu ambacho hakipo, hakuna tena pepa la kurudi.

Ila sitaki kudanganya, maswali mojamoja yanarudi. Wanayatoa kwenye dimbwi moja, dimbwi ni kubwa lakini lina mwisho, na watu wakitoka tu unakuta wameshaanza "nani alipata lile la popo?" "jibu lilikuwa however au therefore?" huko kwenye magrupu. Wanakusanya vipandevipande. Kwa hiyo mtu aliyekariri lundo la hivyo vipande anaweza kukutana na viwili vitatu, anaweza asikutane na hata kimoja. Na hapohapo kwenye 98 kuna 8 hazihesabiwi, ni zile za kujaribishwa, hujui ni zipi. Sasa ukute ulilokariri ndo hilo la majaribio lol.

Kitu kingine dada Mama Shadya mwambie asije akatoka siku hiyo akaenda kuandika maswali kwenye grupu, hata kama ni utani. Huko hakuna siri, ni rahisi kupigwa skrinshoti.

Otieno wa Seattle

Aki wazazi, ile kitu binti anaongea ya dimbwi imewahi kuleta balaa kitambo. GRE, ile ya kuingia masters, ilipoanza kufanywa kwa kompyuta mambo ya '94, Kaplan ile kampuni ya tuisheni ilituma wafanyakazi wake wakafanya mtihani, kila mmoja akakariri yake, wakarudi wakakaa chini wakakusanya, wakapata maswali mengi vibaya sana. Wakawapelekea wenyewe ETS wakiwaambia cheki hii, mtihani wenu unaweza kubebwa kichwani. ETS wakasimamisha mtihani kwa muda halafu wakawashtaki Kaplan, haha. Lakini ukweli ulikuwa umetoka, kompyuta peke yake sio dawa, inategemea maswali uko nayo mangapi na unayabadilisha mara ngapi. 2002 tena ikabidi GRE irudi makaratasi China, Taiwan na Korea Kusini juu watu walikuwa wanaweka maswali waliyokumbuka kwenye tovuti.

Na '96 hapa Marekani kuna jamaa alikamatwa alikuwa anatumia tofauti ya saa, mtu anafanya mtihani New York asubuhi, anapiga simu Los Angeles ambako bado kumelala, majibu yanachongwa kwa alama za siri kwenye penseli. PENSELI. Watu wanaweza.

Mama, hiyo folda sio pasti pepa, hiyo ni mwakenya ya kisasa tu.

Kijana Mtata

Mnamtisha mama wa watu bure. Watoto wa matajiri wana walimu wa dola mia tatu kwa saa na hao walimu mnafikiri wanafundishia nini? Wana mafaili hayohayo. Tofauti yao na mtoto wa Mama Shadya ni kwamba yao yanaitwa "materio ya kituo" na yake yanaitwa wizi. Mwache dogo asome, likirudi poa, lisiporudi kafanya mazoezi. Nani atajua?

Mwalimu Kitabu

Kijana Mtata kwa upande mmoja una ukweli, kuna vituo vinafanya hivyo na vimefanya miaka mingi, na wale wa 2018 baadhi yao hawakununua chochote, kituo kiliwapa pdf kama zoezi la kawaida, mtoto hakujua kabisa ni pepa hai. Hao niliwahurumia kweli.

Ila "nani atajua" hapana. Kwa kompyuta wanaona kila swali umelikaa muda gani. Mtoto anayejibu swali gumu kwa muda wa kusoma mstari wa kwanza, halafu la rahisi linamchukua dakika mbili, hiyo sura haifanani na mtu anayesoma. Wanaangalia pia umejibu vipi ukilinganisha na wengine. Wakiwa na shaka wanaandika barua, alama zinasimamishwa, unapewa nafasi ya kujieleza, wakati mwingine unapewa mtihani wa marudio. Barua ikija Novemba na chuo kinafunga maombi Januari, hata ukishinda umeshindwa.

Na kwa faida ndogo. Maswali mawili kati ya tisini yanayohesabiwa, kwa kubahatisha. Mtoto akikaa vizuri na kosa moja tu analolirudia, mfano alama za uandishi kati ya sentensi mbili, nukta mkato na mkato anazichanganya kila siku, akilirekebisha hilo anapata maswali zaidi ya hayo mawili na yatakuwa yake kila akikaa.

Kijana Mtata

Sawa mwalimu lakini matajiri ulikiri.

Mwalimu Kitabu

Nilikiri na nakiri tena.

Bi Mwanaidi

Mwanangu Mama Shadya, mimi naongea kama mzazi sio mtaalamu. Usiende kwa mtoto na neno wizi mdomoni, kwanza kakwambia ukweli ulipomuuliza, hiyo shika, wengi wangesema sijui imefikaje. Kaa nae mfungue hilo faili pamoja, ukurasa kwa ukurasa, mwache yeye akuonyeshe. Mara nyingi mtoto akilitazama na mtu mzima pembeni anaona mwenyewe. Na hela ya kuchanga ilikuwa ya nani?

Mama Shadya

Bi Mwanaidi shikamoo, hela ni yake ya kazi za wikiendi, ndo maana naumia zaidi.

Nitafanya hivyo leo jioni nitaleta mrejesho.

Ngoja Waje

Tupo, hatulali.

Mama Shadya

MREJESHO. Tumekaa jana mimi, yeye na baba yake mpaka usiku. Binti wa chuo nilimwambia kijana afungue ile Bluebook tuweke pembeni. Jamani. Nusu ya kwanza ya hilo faili ni maswali ya mtihani wa mazoezi uliomo mle ndani, ya BURE, wamebadilisha mpangilio tu, la kumi na mbili wameliweka la tatu, na kwenye hesabu moja wamebadilisha 18 ikawa 24 halafu jibu wakasahau kulibadilisha. Kijana ndo aliyeliona hilo, akalifanya kwenye karatasi mara mbili akasema mama hili jibu haliwezekani.

Sehemu inayofuata kuna habari ndefu ukurasa mzima halafu chini maswali kumi na ushee. Kijana mwenyewe akacheka, anasema SAT ya sasa kila kipande ni kifupi na kina swali moja tu, hii ni ya enzi za makaratasi. Kwa hiyo hizo haziwezi kurudi hata wakitaka.

Ila mwishoni kuna kurasa chache sikuzielewa. Ni picha zilizopigwa kwa simu kwenye skrini, unaona kabisa ile mistari ya skrini na kona moja kuna kivuli cha kidole, maandishi yameinama, na majibu kayaandika mtu kwa mkono, mawili yamekatwa yameandikwa upya. Hizo hatukuzikuta kwenye Bluebook. Baba yake ambaye ndo alikuwa mtetezi mkuu kazitazama akanyamaza, baadae akasema hizi zifute. Hatukuzisoma.

Sasa swali langu la mwisho, wenzie bado wanalo na yeye bado yumo kwenye hilo grupu. Atoke kimyakimya au awaambie?

binti_wa_chuo

Dada umenichekesha hapo kwenye 18 na 24. Atoke kwenye grupu leo, asisubiri. Afute na kwenye tableti na kwenye hifadhi ya mtandaoni, mnafuta kwenye kifaa mnasahau kule juu bado ipo. Na asimuuzie mtu wala kumtumia mtu ili arudishe hela yake, maana vijana ndo wanachofanya, hapo ndo anageuka muuzaji.

Wenzie awaambie hiyo ya maswali ya bure, hiyo inatosha kabisa. Ukiwaambia "ni makosa" watasema kawa mchungaji, ukiwaambia "tumepigwa, haya ni ya Bluebook, fungueni mitihani ya mazoezi mle ndani mtaona" watatoka wenyewe mbio.

Mpiga Kelele

Hela adai. Mtapeli ni mtapeli. Kama walilipa kwa apu ya benki afungue malalamiko.

Otieno wa Seattle

Adai aseme amenunua nini boss? "Niliuziwa mtihani ulioibwa lakini haukuwa umeibwa vizuri"? Wacha iende.

Mwalimu Kitabu

😂 Otieno.

Mama Shadya umefanya vizuri kutozisoma zile za mwisho, na baba mtu mpe hongera. Sasa kwa kuwa ameshayaona baadhi ya maswali ya Bluebook kwenye lile faili, mitihani hiyo ya mazoezi akiifanya atapata alama za uongo, zitakuwa juu kuliko uwezo wake na mtapanga vyuo kwa namba isiyo yake. Ule uliorudiwa kwenye faili mwache kabisa, afanye mingine aliyobaki nayo, na asiifanye yote mwezi huu, abakize mmoja wa wiki mbili kabla ya siku yenyewe. Mazoezi ya kila siku atumie ile benki ya maswali ya College Board, anachagua somo, anachagua ugumu. Mle ndani kuna sehemu ya kuondoa maswali ambayo yanatumika kwenye mitihani ya mazoezi, aibofye hiyo kwanza, la sivyo atayamaliza bila kujua na ile mitihani haitampima tena.

Hata sisi walimu hilo la kurudia maswali linatutesa, mtoto anafanya zoezi mara ya pili anapata 1450 mzazi anafurahi, mimi najua kakumbuka tu.

Bi Mwanaidi

Alhamdulillah. Na hiyo karatasi aliyoikokotoa mara mbili itunze, siku akisema hajui hesabu mtolee.

Baba Kassim

Nimechelewa uzi lakini nauliza, wangu anafanya ACT, ule mtihani mwingine wa kuombea vyuo, sio SAT. Hiyo haina mambo haya?

Otieno wa Seattle

Iko nayo pia mzee. Juni 2016 ACT walifuta mtihani Korea Kusini na Hong Kong saa chache kabla watoto hawajaingia, watu wako njiani kabisa. Duka tofauti, biashara ileile.

Mwalimu Kitabu

Baba Kassim, angalia tu materio anayotumia ni ya mwaka gani. ACT wameipunguza 2025, maswali ni machache na sayansi imekuwa hiari, kwa hiyo kama kuna mtu anamuuzia "pepa litakalorudi" lenye sayansi ya lazima ndani, ujue la zamani. Chuo anachokitaka ni kipi? Kuna vyuo vinataka hiyo sayansi, angalia kabla hujamsajili.

Baba Kassim

Bado hajaamua mkuu, anataja vyuo kila wiki vipya. Nitakuja PM.